Maisha ya John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo aliyetia hewa ndani ya gurudumu

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu waliojulikana, safari hii tumechagua mtu ambaye jina lake wengi wetu tumelikanyaga mbele ya kujua kwamba ni jina la mtu. Limeandikwa ubavuni mwa matairi, na tairi likizeeka linakatwa kuwa katambuga, ndipo jina linakwenda chini ya mguu. Wengine wanadhani Dunlop ni kampuni tu. Hapana. Alikuwa mtu mwenye mke na watoto wawili, mwenye ndevu ndefu, na kazi yake ilikuwa kutibu farasi.

Kwa nini tueleze maisha ya Mskoti katika gazeti la watu waliorudi Kongo? Tuko na sababu mbili. Ya kwanza iko nje ya mlango wa kila mmoja wetu: kinga. Makala, mihogo, mafuta ya mawese, mifuko ya unga, hata mgonjwa anayepelekwa kwenye kituo cha afya, vyote vinatembea juu ya hewa iliyofungwa ndani ya mpira. Ya pili ni nzito. Kitu kile kidogo alichokitengeneza kule Belfast kilifika mpaka ndani ya misitu ya nchi yetu, na wazee wetu walikilipia kwa damu. Hatuwezi kueleza maisha yake tukaiacha sehemu ile. Na vilevile hatuwezi kumtwisha mtu mzigo usio wake. Basi tutajaribu kumpa kila mmoja sehemu yake.

Mtoto wa shamba asiyeweza kulima

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, jimbo la Ayrshire, kule Scotland. Wazazi wake walikuwa wakulima. Nyumbani waliamini kwamba alizaliwa mbele ya wakati, miezi miwili haijatimia, na kwa hiyo alikuwa na mwili dhaifu. Kazi ngumu ya shamba walimwondolea, wakamwacha aendelee na masomo. Mara nyingine udhaifu ndio unaomfungulia mtoto njia ambayo wenye nguvu hawaioni.

Alisomea uganga wa mifugo katika mji wa Edinburgh, na mwaka 1859 akapata ruhusa ya kufanya kazi ile. Alikuwa na miaka 19 tu. Wakati ule veterineri hakuwa mtu mdogo. Magari ya moto ya barabarani hayakuwepo. Kila mzigo wa mjini, kila gari la abiria, lilivutwa na farasi. Farasi akilemaa, biashara inasimama. Fikirini mtu anayetengeneza malori yote ya mji mmoja, ndipo mutaelewa nafasi aliyokuwa nayo.

Mwaka 1867 alivuka bahari kwenda Ireland, akafungua kazi pamoja na ndugu yake katika mji wa Downpatrick. Mwaka 1871 alimwoa Margaret Stevenson, wakazaa mtoto mwanamke na mtoto mwanaume. Kisha akahamia mji wa Belfast, akafungua nyumba ya kutibia wanyama katika barabara ya May Street. Kazi ilikua sana, ikawa moja kati ya kubwa katika Ireland nzima, na alikuwa na mafundi wengi wa kupiga farasi viatu vya chuma. Kwa maneno mengine, alipofika miaka 47 alikuwa mtu aliyetulia, mwenye kazi yake na heshima yake. Hakuwa akitafuta kitu kingine.

Kinga ya mtoto

Mabadiliko yaliingia kwa mlango mdogo. Kijana wake Johnnie alikuwa na kinga ya watoto, ile ya magurudumu matatu. Barabara za Belfast zilikuwa za mawe, na magurudumu ya wakati ule yalivikwa mpira mgumu, mzima, usio na kitu ndani. Anayeendesha anarushwa juu na chini mpaka meno yanagongana. Wazee wetu waliopanda magari ya kukokotwa wanaelewa.

Dunlop alikuwa amezoea kushika mpira, juu ya kazi yake alikuwa akiutumia kutengeneza vifaa vya kutibia wanyama. Akajiuliza kama gurudumu linaweza kubebwa na kitu laini zaidi. Mwaka 1887 alichukua duara la ubao, akatengeneza bomba la mpira mwembamba, akalizungusha kwenye ukingo, akalifunika kwa kitambaa cha kitani kilichopigiliwa misumari midogo, kisha akaingiza hewa kwa pampu ya kujazia mpira wa miguu. Hiyo ndiyo ilikuwa karakana yake yote: ubao, nguo, misumari na pampu ya watoto.

Ndipo akafanya jaribio ambalo hata fundi wa hapa kwetu angelifanya. Alichukua gurudumu la mbele la kinga ya Johnnie, lenye mpira mgumu, akalisukuma liviringike katika uwanja wa nyumba. Lilikwenda kidogo, likayumba, likaanguka. Kisha akasukuma lile duara lake lenye hewa, kwa nguvu ileile. Lilivuka uwanja wote, likagonga mlango wa mwisho na kurudi nyuma. Pale alijua kwamba hakupata ulaini peke yake. Alipata pia mwendo. Gurudumu linaloinama kidogo juu ya jiwe halipotezi nguvu kama lile linaloruka juu ya jiwe. Kila mmoja aliyewahi kusukuma kinga yenye mzigo na mpira umeisha hewa anajua tofauti hiyo katika mgongo wake.

Februari 1888 magurudumu mapya yalifungwa kwenye kinga ya mtoto, Johnnie akaenda kuyajaribu barabarani. Mwaka uleule Dunlop akaandikisha kazi yake serikalini, akapewa hati ya uvumbuzi.

Mashindano ya Belfast

Kitu kipya kinachekwa kwanza. Matairi yale yalikuwa manene, yakionekana kama yamevimba, na watu wa mbio za kinga waliyadharau. Lakini kijana mmoja, Willie Hume, kapiteni wa kikundi cha waendesha kinga cha Belfast, alikubali kuyafunga kwenye kinga yake. Hakuwa bingwa mkubwa. Tarehe 18 Mei 1889, katika uwanja wa Queen's College, alishindana na watu waliojulikana kuwa na mbio kumpita, akawaacha nyuma. Kisha alikwenda Uingereza, akashinda kule pia. Kicheko kikaisha.

Kati ya walioshindwa siku ile walikuwamo watoto wa mfanyabiashara mmoja wa Dublin, Harvey du Cros. Baba yao hakukasirika. Aliangalia gurudumu, akaona makuta. Mwaka 1889 kampuni ya kutengeneza na kuuza matairi yale ikaanzishwa Dublin, yeye akiwa kichwa chake. Dunlop aliikabidhi hati yake, naye akapewa hisa.

Hapa ndipo tunaomba wanamemba mafundi wasome polepole.

Jina lilibaki, faida ikapita

Kampuni ilikuwa haijatembea miaka miwili, habari mbaya ikaingia. Kumbe Mskoti mwingine, Robert William Thomson, aliandikisha wazo lilelile mwaka 1845. Mwaka 1847 magurudumu yake yenye hewa yalijaribiwa London kwenye magari ya farasi, yakatembea vizuri. Lakini wakati ule kinga hazikuwepo bado, mpira mwembamba ulikuwa ghali, hakuna aliyeyahitaji. Wazo likalala zaidi ya miaka 40. Thomson alikufa mwaka 1873, na Dunlop hakuwa amesikia habari zake. Lakini sheria haiangalii kama ulisikia. Hati ya Dunlop ikapoteza nguvu.

Kampuni haikufa, juu ya du Cros alikuwa na akili ya kukusanya. Alinunua hati za watu wengine wawili. Mmoja ni Charles Kingston Welch, aliyeweka waya ndani ya ukingo wa tairi ili likae imara kwenye rimu na liweze kutolewa. Mwingine ni William Erskine Bartlett, ambaye tairi lake lilishika rimu kwa ukingo mnene uliojikunja kama kulabu. Tairi la Dunlop mwenyewe lilikuwa limegandishwa kwenye gurudumu. Likitoboka ni kazi ya siku nzima. Ni mawazo ya Welch na Bartlett yaliyomwezesha fundi kukaa chini, kutoa mpira wa ndani, kubandika kiraka na kurudisha. Kwa hiyo tairi tunalolijua si la mtu mmoja. Ni la watu wanne au watano, na jina la mmoja.

Dunlop alijitoa katika uongozi wa kampuni mwaka 1895. Mwaka uliofuata, 1896, watu wa Ulaya na Marekani walishikwa na homa ya kinga. Kila mtu alitaka kuwa nayo. Tajiri mmoja, Ernest Terah Hooley, aliinunua kampuni kwa pauni milioni 3, na baada ya muda mfupi akaiuza kwa watu wengi kwa pauni milioni 5. Hooley naye hakudumu na utajiri ule. Miaka miwili baadaye alifilisika. Lakini angalieni: mtu aliyetengeneza gurudumu la kwanza hakuwepo mezani siku makuta yalipogawanywa. Aliendelea kuishi Dublin kwa heshima, akiwa na sehemu yake katika duka la nguo. Hakuwa maskini. Tajiri mkubwa, kama jina lake linavyofanya watu wafikiri, hakuwa.

Mpira ulitoka wapi

Sasa tuje upande wetu. Tairi si hewa tu. Hewa ni bure. Mpira si bure. Katika miaka ya 1890, mpira mwingi wa dunia ulitoka kwa miti na mitambazi ya porini, katika Brazili na katika Afrika. Na wakati ule Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, tangu mwaka 1885. Shughuli yake ilikuwa karibu kumshinda kwa madeni. Homa ya kinga, pamoja na mahitaji mengine ya mpira katika viwanda na nyaya za umeme, ndiyo iliyomwokoa.

Serikali yake ilitangaza kwamba ardhi ambayo haina nyumba wala shamba ni yake, na vyote vinavyoota juu yake. Mwaka 1892 kampuni ya ABIR ikapewa eneo kubwa la mito ya Lopori na Maringa, upande wa Basankusu. Makampuni mengine yalipewa sehemu nyingine. Mwanaume wa kijiji alilazimishwa kuleta kilo kadhaa za mpira kila kipindi kilichowekwa. Alikwenda mbali msituni, akapanda miti, akakata mitambazi, akakinga utomvu. Wengi waliupaka mwilini ukauke, kisha wakaubandua pamoja na nywele za ngozi. Mitambazi ya karibu ilipokwisha, walikwenda mbali zaidi, na mashamba yakabaki bila mtu.

Asiyeleta alipigwa kwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Wanawake walifungwa mpaka waume zao walete kipimo. Vijiji vilivyokataa vilichomwa. Askari walitakiwa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure, na ushahidi wao ulikuwa mikono ya watu iliyokatwa. Mpira uliotoka nchini ulipanda kutoka tani mia moja na kitu mwaka 1890 mpaka tani zipatazo 6,000 mwaka 1901. Hesabu ya watu waliokufa kwa risasi, njaa na magonjwa ni ya mamilioni, wanavyosema wataalamu wengi wa historia.

Mpira ule uliuzwa katika soko la Antwerp. Ukishapita sokoni, unachanganyika. Aliyepanda kinga Jumapili kule London au Paris hakuona msitu wala mkono. Aliona njia laini. Hiyo ndiyo hatari ya kitu kinachotoka mbali: uchungu unabaki kule kilikotoka.

Walioufuata uchungu ule mpaka mwanzo wake walikuwa wachache. Edmund Dene Morel, karani wa kampuni ya meli, aliona kwenye bandari kwamba meli kutoka Kongo zilileta mpira na pembe za ndovu, na zilizokwenda Kongo zilibeba bunduki na risasi, si bidhaa za kulipa watu. Akaelewa kwamba kule hakuna biashara, kuna utumwa. Alice Seeley Harris, mmisionari, alipiga picha mwaka 1904 ya baba mmoja, Nsala wa Wala, akiangalia mkono na mguu wa binti yake. Na Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alisafiri mtoni mwaka 1903, akaandika taarifa iliyotolewa mwaka 1904. Casement alizaliwa Dublin, akakulia kaskazini mwa Ireland. Angalieni namna dunia ilivyo ndogo: mji uleule ambako kampuni ya matairi ilianzia ndio uliomzaa mtu aliyekwenda kuandika mateso ya watu wa mpira. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji.

Na Dunlop? Hakukanyaga Kongo. Hakutoa amri yoyote. Wakati fimbo ilipokaza, yeye alikuwa anatoka au ametoka katika kampuni. Kumwita mwuaji ni uongo. Lakini kumsifu tu, kama vitabu vingi vya watoto vinavyofanya, na kuruka kurasa za Basankusu, ni uongo wa namna nyingine. Sisi wajukuu wa nchi ile tunaweza kusema yote mawili kwa mara moja: kazi yake ilikuwa nzuri, na njia iliyopita kufika kwa watu ilikuwa mbaya.

Matairi ya zamani yanayotengenezwa leo

Labda wengi wenu hamjui kwamba matairi ya wakati ule yanatengenezwa bado. Kampuni ya Dunlop ilianza kutengeneza matairi ya motokari mwaka 1900. Mbele yake, mwaka 1895, ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, waliendesha motokari yenye matairi ya hewa katika mashindano ya Paris mpaka Bordeaux na kurudi, wakisimama mara nyingi kuziba. Motokari nyingi za miaka ile na iliyofuata zimehifadhiwa Ulaya na Marekani. Wenyewe wanazipenda kama watoto. Shida ni kwamba tairi la kisasa haliingii kwenye rimu zao. Ford Model T, iliyoundwa kutoka 1908 mpaka 1927, inataka tairi refu na jembamba, kama la inchi 30 kwa 3 na nusu, na ukingo wa kulabu uleule wa Bartlett. Huwezi kulipata dukani barabarani.

Kwa hiyo kuna viwanda vinavyotengeneza matairi yenye sura ya zamani, machache kwa mara moja. Kazi inafuata njia ya wazee. Mpira unasagwa kati ya magurudumu mazito, unachanganywa na salfa. Vitambaa vya nyuzi vinapakwa mpira, vinakatwa kwa mshazari, vinapangwa tabaka juu ya tabaka, tabaka moja ikielekea kushoto, nyingine kulia, zikatane kama mkeka. Ukingo unawekwa, ngozi ya juu inafungwa, kisha tairi bichi linaingia katika kalibu ya chuma, yenye mistari na maandishi yaleyale ya zamani. Linabanwa na kupikwa kwa moto mkali. Moto na salfa ndivyo vinavyogeuza mpira unaonata kuwa kitu kigumu kinachorudi mahali pake. Siri hiyo aliigundua Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839. Naye alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni makubwa, na kampuni yenye jina lake ilianzishwa na watu wengine mwaka 1898. Munaona Dunlop alikuwa na mwenzake.

Kuna tairi jingine linalowashangaza watu: la rangi nyeupe au kijivu. Matairi ya kwanza hayakuwa meusi. Weusi ni masizi laini yanayochanganywa ndani, na yalipoanza kutumiwa katika miaka ya 1910 tairi lilidumu mara nyingi zaidi. Anayetaka motokari yake ionekane kama ya mwaka 1908 anatafuta tairi jeupe, na anatengenezewa. Lakini ndani yake ni tofauti. Nyuzi za pamba zilizooza upesi zimeachwa, wanatumia nyuzi za kisasa zenye nguvu, juu ya barabara za leo zina mbio na breki kali. Sura ni ya babu, mifupa ni ya kijana.

Na mpira wenyewe hautoki tena kwenye mitambazi ya Kongo. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alichukua mbegu za mti wa mpira kutoka Brazili, zikapandwa baadaye katika Ceylon na Malaya. Miti ile ilipokomaa, karibu na mwaka 1913, mpira wa mashamba uliushinda ule wa porini. Soko lilitugeukia mgongo. Lilirudi mara moja tu, katika vita kuu ya pili. Wajapani walipokamata Malaya mwaka 1942, serikali ya kikoloni iliwarudisha watu wa Kongo msituni kukata mitambazi, na siku za kazi ya lazima zikaongezwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Wako wazee katika vijiji vyetu waliosikia habari hizo kwa vinywa vya baba zao.

Tunapotazama picha ya motokari ya zamani, imeng'aa, imevikwa matairi mapya yenye sura ya zamani, hatuna wivu wala hasira. Mwenye nayo ametunza kazi ya mikono ya watu, na hilo ni jema. Tunaomba tu kwamba anayeweza kurudisha mistari ya tairi la mwaka 1905 mpaka herufi ya mwisho akumbuke pia mikono iliyokinga utomvu wa tairi la mwaka 1905. Kalibu ya chuma inahifadhi sura. Kumbukumbu ya watu inahifadhiwa na watu.

Mwisho wa safari yake

John Boyd Dunlop alikufa Dublin tarehe 23 Oktoba 1921, akiwa na miaka 81, akazikwa katika makaburi ya Deansgrange. Kitabu chake juu ya historia ya tairi la hewa kilitolewa baada ya kifo chake. Mtoto yule aliyehurumiwa kwa udhaifu wa mwili aliishi kupita watu wengi wenye nguvu wa wakati wake. Katika Ireland ya Kaskazini uso wake, na ndevu zile, uliwekwa juu ya noti ya pauni 10 ya benki moja ya kule. Jina lake siku hizi limegawanyika katika mikono ya makampuni mbalimbali ya nchi mbalimbali.

Sisi tunabaki na mambo mawili. La kwanza ni la wanamemba wenye kazi za mikono: washonaji, maseremala, mafundi wa kinga, akina mama wanaotengeneza sabuni. Ukipata njia mpya, usiitoe kwa mdomo. Kaa na mwenzako, andikeni nani anatoa nini na nani atapata nini, siku kazi ikiwa ndogo na siku kazi ikiwa kubwa. Dunlop alikuwa na karatasi, na bado sehemu yake ilikuwa ndogo. Asiye na karatasi atapata nini?

La pili ni letu sote, pamoja na wafadhili wetu walio mbali. Kila kitu kizuri tunachokishika kimepita katika mikono mingine mbele ya kutufikia. Leo si mpira tena; ni madini yaliyo ndani ya simu na ndani ya betri za motokari za umeme, na mengi yanatoka tena katika ardhi yetu. Swali la mwaka 1901 limerudi likiwa limevaa nguo nyingine: nani anabeba uzito ili gurudumu la mwingine lipite laini? Karani Morel hakuwa mtu mkubwa. Aliangalia tu meli inaleta nini na inarudisha nini, akauliza. Kuuliza vile hakuhitaji cheo, na kila mmoja wetu anaweza kuanzia hapo.